Ua la Taita na Mbuzi wa Bi. Rukia

Kwa miaka thelathini na miwili nimemsingizia mbuzi. Nilikuwa nimekwisha kulizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea jino bovu lisilouma, hata mwezi uliopita Mwalimu Wakesho aliponipigia simu kutoka kwao Taita. Amestaafu, akasema, na wanafunzi wake wa zamani walioko Mombasa wamekodi ukumbi wamfanyie karamu, naye amewaambia hakai mezani bila mimi. "Na utasimama uzungumze, Maimuna," akaongeza, kwa sauti ile ile ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. "Utawasimulia kisa cha mbuzi. Mimi nimekisimulia mpaka kimechuja. Safari hii wakisikie kwa aliyekuwepo." Nikasema inshallah. Kisha nikakaa jikoni nikaitazama chai yangu mpaka ikafanya ngozi juu, maana kisa cha mbuzi ni uongo, aliyeutunga ni mimi, na nilivyodhani, hakuna mwingine aliyejua ila Mola wangu.

Laiti ungebaki uongo mdogo! Umekua, umeoa, una wajukuu. Kila mwaka Mwalimu alifungua somo lake la kwanza chuoni kwa kusimulia jinsi mbuzi wa Mji wa Kale alivyokula shahada yake. Kijana mmoja wa ofisi za mizigo kule Shimanzi, alipoona jina langu kwenye karatasi, aliniuliza kama ndimi Maimuna wa mbuzi. Binti yangu alikipeleka kisa hicho shuleni akapigiwa makofi. Nami miaka yote hiyo nimekuwa nikitikisa kichwa na kutabasamu, na kama mtu akisahau mahali, namkumbusha.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani yalitajwa kwa kunong'ona. Nilikuwa kwa shangazi yangu, katika nyumba ndefu nyembamba ya Mji wa Kale, na kazi yetu ilikuwa makoja ya arusi na vikuba, vile vishada vya maua vya kubandika kifuani. Kila alasiri tuliketi uani juu ya mkeka, asumini zimemwagwa kwenye sinia, mrehani pembeni, na kilua, ua adimu lenye harufu kali, kikipatikana basi nyumba nzima inajua. Shangazi alikuwa na sheria moja tu ya kazi: kisichonukia kitoke. Jani la manjano, kijiti, unyasi ulioingia na mrehani kutoka sokoni, vyote vilitolewa kwa ncha ya ukucha bila kuumiza ua. Kikuba chenye uchafu kikionekana kifuani mwa mtu, aibu ni ya mfungaji, na Mji wa Kale hausahau. Nilikuwa sijui hesabu, sijui Kiingereza cha kuombea kazi, lakini ungenipa kikapu cha takataka nikutolee ua moja zima, ningekutolea.

Chumba cha juu kabisa alikodi Mwalimu Wakesho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa bayolojia katika sekondari moja ya kisiwani, Mkristo asiyekosa kanisa Jumapili wala kukosa kutuamkia asubuhi kwa adabu zote za pwani, hata shangazi akasema huyu amelelewa. Chumba chake kilinuka udongo na spiriti. Hapakuwa na kiti kisicho na magazeti, na ndani ya magazeti mlikuwa na maua yaliyobanwa baina ya mbao, na juu ya mbao mawe aliyoyaokota ufuoni. Dirishani mitungi ya jemu ilisimama safu, ndani yake vijizizi vimelowekwa kama achari. Siku ya kwanza nilimpelekea chai, akanikuta natazama jinsi alivyoshona ua kwenye karatasi ngumu kwa uzi, mishono mikubwa, ya kutia huruma. Nikamwambia, "Mwalimu, hivi hata gunia la mkaa halishonwi." Akanipa sindano. Tangu siku hiyo, nikimaliza vikuba vya shangazi, napanda.

Ua lake lilikuwa la waridi, dogo, koo lake refu kama tarumbeta, na lilimea katika nyasi za juu ya milima ya kwao, mahali penye ukungu. Jina lake la Kilatini sikuweza kulitamka wakati ule na sasa nisingependa kujaribu. Lililonishangaza kwanza ni kwamba likikauka majani yake hugeuka meusi tititi. Mara ya kwanza nilidhani nimeyaunguza, nikaomba radhi; Mwalimu akacheka, akasema ndiyo asili ya kabila lake, na kwamba weusi huo ni kama kitambulisho. La pili ni ule ujanja wake wa chini kwa chini. Juu ya ardhi ua hilo ni mtu na heshima zake: lina majani ya kijani, linapokea jua kama wengine. Chini ya ardhi mizizi yake inatambaa mpaka kwenye mizizi ya nyasi, inaota vinundu vidogo kuliko punje ya ufuta, na kwa vinundu hivyo inajishika na kunyonya. Wasomi wanaliita kimelea nusu. Mwalimu alitaka kuonyesha ni nyasi gani linalopendelea na linajishika vipi, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake ya pili, aliyoisomea jioni na likizo kwa miaka minne. Msimamizi wake kutoka Nairobi alikuwa amemwambia waziwazi: kabla ya Disemba aone kwa macho yake mzizi umeshika mzizi, la sivyo nafasi yake chuoni imekwisha.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Bi. Rukia, mjane ambaye hakuwa hata na hamsini, watoto wake wameolewa Lamu na Malindi. Alikuwa na mbuzi jike aitwaye Tausi, mnyama asiyejua mpaka wa nyumba. Tausi alipanda ngazi za watu, akala kalenda, akala barua ya posa ya jirani mmoja. Bi. Rukia mwenyewe hakupanda ngazi za mtu. Alisimama chini, akasalimu, akampokea mbuzi wake, akaenda zake. Siku moja tu nilimsikia akimuuliza Mwalimu pale chini, nami niko juu dirishani, kwamba ni kweli anasomea ua linaloiba. Mwalimu akamweleza habari za nyasi na vinundu.

"Na majani yake yana kazi gani basi?" akauliza Bi. Rukia. "Mbona halijipikii?"

"Linajipikia, Bi. Rukia. Maji na chumvi ndiyo linayochukua kwa jirani."

"Aa!" akasema. "Kumbe si mwizi. Mdoezi tu. Na ni nani hapa mtaani hajaomba chumvi?"

Mwalimu aliipenda sana kauli hiyo, akaiandika katika daftari lake.

Likizo ya Agosti alikwenda kwao akarudi na mabonge saba ya udongo yaliyofungwa katika magunia mabichi, kila bonge ua na nyasi zake zikiwa hai. Aliyapanga juu ya magazeti kama mtu aliyeleta vitoto vichanga. Kazi iliyobaki, akasema, ni kuosha udongo polepole siku akipata nafasi. Shule zikafunguliwa, nafasi haipati. Anarudi jioni na madaftari ya wanafunzi mpaka kidevuni, anayatazama mabonge, anaugua. Nikaona huruma. Nikaona pia, nisifiche, kwamba hapa ndipo nitakapojulikana mimi ni nani. Asubuhi ya Jumanne moja, Mwalimu yuko shule, nilipanda na beseni la maji nikaanza. Nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Udongo ulitoka wote. Kisha nikayatoa magugu. Unyasi mmoja mmoja, kwa ncha ya ukucha, bila kuumiza ua, kama nilivyofunzwa, na vile vinundu vidogo vichafu navyo nikavikwangua, mizizi ikabaki myeupe, laini, safi ya kuvaliwa kifuani. Maua saba nikayalaza kwenye kitambaa. Nikasimama nikayatazama, nikajisikia bingwa.

Ndipo jicho likaangukia daftari lake lililokuwa wazi mezani. Alikuwa amechora mzizi mnene na mzizi mwembamba, baina yao kinundu, na mshale mwekundu ukikielekea kinundu. Nilijua habari hiyo. Nilikuwa nimeisikia mara ishirini. Lakini sikio lilisikia vinundu, na vidole vilikuwa havijaambiwa. Nilikaa chini sakafuni pale. Miaka minne ya mtu ilikuwa ndani ya ndoo ya takataka, na mwenye mkokoteni wa taka alikuwa tayari anapiga kelele uchochoroni.

Yaliyofuata nayasimulia kwa aibu na, Mungu anisamehe, kwa kicheko kidogo. Niliyatia maua nayo katika ndoo, nikaishusha mbio, nikaimwaga mkokoteni. Nikarudi nikatawanya udongo sakafuni. Kisha nikayachukua magazeti nikayachana kingo kwa meno yangu mwenyewe, maana mkasi ungeonekana. Wino wa gazeti ni mchungu. Mwalimu alipoingia alasiri alinikuta ngazini nalia, na kilio hicho angalau kilikuwa cha kweli. Bi. Rukia alikuwa anapita, akasimama mlangoni aone kuna nini. Mwalimu akaniuliza mara tatu. Nikasema, "Ni mbuzi. Ni Tausi. Amekula yote."

Bi. Rukia akafungua mdomo. Akanitazama, akaufunga. Akamtazama Mwalimu aliyekuwa ameshika ukuta, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yallah. Nisamehe sana, Mwalimu. Mnyama hana adabu." Nikaona amefedheheka, nami nikazidi kulia.

Mwalimu hakugomba. Alipanda, akafagia udongo, akaketi kitandani na buti zake za shule miguuni. Nilisikia akimwambia shangazi kwamba hamlaumu mtu, kosa ni lake aliyeacha mlango wazi. Ningalisema pale. Kila mwaka tangu hapo nimejiambia ningalisema pale. Lakini nilijua nikisema nitashuka ngazi zile nisipande tena, na chumba kile chenye magazeti ndicho mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa amenipa sindano akaniambia nina akili.

Ijumaa ile, baada ya alasiri, tulisikia hatua ngeni ngazini. Bi. Rukia alikuwa amebeba mahamri yaliyofunikwa kwa kitambaa, na bakuli la mbaazi za nazi, yanatoka moshi. "Fidia ya mbuzi," akasema. Mwalimu akakataa, akashindwa. Akamwomba aketi, akahamisha magazeti. Bi. Rukia akakaa mpaka magharibi. Ijumaa iliyofuata akaja tena, na nyingine, mwaka mzima. Alikuwa na mkono wa mahamri ambao sijauona tena: yamevimba, ndani matupu, hiliki inakupokea kabla ya kutia mdomoni. Mimi nilikuwa nikila matatu. La kwanza lilikuwa gumu kumeza kwa sababu ya dhamiri, la pili na la tatu hayakuwa na shida. Pale tulizungumza kila kitu, ndoa, mitihani, watoto wa Lamu wasioandika barua, kwa nini ua la asumini hunukia zaidi usiku na la Mwalimu halinukii kabisa. Bi. Rukia akajifunza kutumia kioo cha kukuzia, akawa anatazama kila kitu nacho, hata mahamri yake.

Mwishoni mwa Oktoba Mwalimu akasema tutapanda Taita, yeye na mimi, Ijumaa hadi Jumatatu, tukatafute tena. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na maua mengi yamekwisha. Mimi mlima nilikuwa nimeuona katika kalenda. Nilivaa buibui mbili na sweta la shangazi, na bado meno yaligongana. Mama yake Mwalimu alitulisha kimanga cha moto, mihogo na maharage yaliyopondwa, akanitazama, akamwambia mwanawe maneno ya Kitaita yaliyowafanya wote wawili wacheke; nilipouliza, Mwalimu akasema, "Anauliza kama pwani hamli." Siku mbili tulitambaa juu ya majani makavu bila kitu. Siku ya tatu, nyuma ya jabali moja ambapo ukungu hukaa hadi adhuhuri, mimi ndiye niliyegundua dalili. Nilikuwa nimeona palipo na nyasi fupi, za manjano, zimenyong'onyea, ilhali za jirani zimesimama. Nikamwambia Mwalimu, "Hawa wananyonywa." Tukasogea. Yalikuwepo, ya waridi, yamesimama wima bila haya yoyote.

Safari hii niliosha mabonge kwa siku nane. Sikutumia ukucha. Nilitumia tone la maji, sindano na pumzi zangu. Nilipoinua mzizi wa kwanza, mweupe, na mwembamba wa nyasi ukaja nao, umeshikwa na kinundu kimoja kama ufuta, Mwalimu aliweka mkono juu ya kichwa changu akauacha hapo. Mzee wa Nairobi, yule msimamizi, alikuja Disemba, akapanda ngazi kwa kuhema, akainama juu ya kioo muda mrefu. Sote watatu tulikuwa tumesimama ukutani kama tunaosubiri matokeo ya hospitali, Bi. Rukia na sinia lake. Hatimaye akasema, "Huyu hakuegemea tu. Huyu ameingia ndani." Akainuka akampa Mwalimu mkono. Na hapo, kwa furaha, Mwalimu akamsimulia kwa mara ya kwanza kisa cha mbuzi. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Bi. Rukia akainamisha kichwa, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa," akamkaribisha hamri.

Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata Mwalimu akahamishwa kwenda kufundisha chuo. Mimi alinitafutia kazi ya kushona mimea katika jumba la kuhifadhia mimea, kazi niliyoifanya miaka ishirini na minane, iliyonilisha na kunisomeshea watoto. Nimeshona maelfu. Sijapata kuondoa unyasi hata mmoja.

Basi Mwalimu alifika kwangu siku mbili kabla ya karamu, nywele nyeupe, magoti yanamsumbua, sauti ile ile. Nilimwambia asubuhi yake, kabla ya kumimina chai, kwa sababu nilijua nikimimina nitaahirisha. Nilimwambia habari za ndoo, mkokoteni na magazeti niliyotafuna. Hakucheka. Niliona uso wake ukienda mbali, nikaogopa kama nilivyoogopa nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

"Mabonge yote saba?"

"Yote saba, Mwalimu."

"Miaka yote hii nimewafundisha watoto wa watu kwamba mwanasayansi hasemi asiloliona," akasema taratibu. "Na mimi mbuzi sikumwona. Nilimkuta kwenye mdomo wako, nikamchukua." Nilitaka kumshika mkono, nikaona sina haki hiyo. Mwishowe akasema, "Mimi nilipata shahada yangu. Wewe ulipata kazi. Bi. Rukia alipata nini? Yuko hai?"

"Yuko. Nyumba ile ile."

"Vaa buibui."

Tulimkuta amekaa kitandani karibu na dirisha, macho yamefifia, leso mabegani. Mwalimu alipobisha hodi akaijua sauti kabla hatujaingia. Walishikana muda mrefu. Mimi nikapiga magoti sakafuni nikamwambia yote, nikamwambia nimekula mahamri yake mwaka mzima kwa dhulma, nimemchafulia jina la mbuzi wake mpaka Nairobi, na kwamba simwombi kitu ila radhi.

Bi. Rukia alinyoosha mkono akaupata uso wangu. "Wewe mtoto," akasema. "Wadhani mimi sikujua mbuzi wangu aliko? Tausi wiki ile alikuwa Makupa kwa kakangu, n'limpeleka kwa beberu. Kwangu hapakuwa na mbuzi hata wa dawa."

Mwalimu akaketi ghafla juu ya kitanda. Mimi nikauliza kama mjinga: mbona alikubali? Mbona akaomba radhi mbele ya watu, akatulipa fidia ya kitu ambacho hakikutendeka?

Akajifunika leso vizuri, akageukia dirisha, upande wa nyumba yetu ya zamani.

"Alipokufa mume wangu watu walikuja mpaka arubaini ikaisha, kisha kula mtu akarudi kwake. Ndiyo dunia, siwalaumu. Nanyi n'likuwa nawasikia huko juu mwateka, kula siku vicheko, na miye niko hapa na sufuria la mtu mmoja. Mtu hapandi ngazi za watu bila jambo. Uliposema mbuzi, mwanangu, n'likutazama, n'kajua waongopa, n'kasema moyoni, Alhamdulillahi, sasa nina jambo. N'karudi nyumbani, n'kakanda unga."